Ramani Ambayo Kifutio Hakuifuta

Jumatatu, 3 Machi

Leo miaka thelathini na minane tangu nivuke mpaka nikiwa na begi moja na viatu vya kaka yangu. Nilidhani ni wiki mbili. Mwaka huu niliisahau siku yenyewe mpaka nilipoandika tarehe ubaoni, chaki ikanisimama mkononi.

Mpwa wangu alipiga simu asubuhi. Mjomba, anasema, mambo yametulia, nyumba ya bibi nimeipaka rangi, chumba chako kina dirisha. Tiketi ameshakata: Jumamosi, tarehe 29. Nikamwambia sawa, kama mtu anayekaribishwa chai.

Shuleni wamefika kumi na tisa. Kipindi cha kwanza kama kawaida: kuoga, kisha kulala nusu saa. Jengo hili zamani lilikuwa la dobi. Masinki ya saruji bado yamepangwa ukutani. Tumeyafunika mbao, ndiyo madawati yetu. Mgeni akitukuta saa mbili asubuhi, darasa zima limelala na mwalimu ameketi kimya, atauliza shule gani hii. Lakini aliyelala stendi na jicho moja wazi hawezi kujumlisha.

Chaki tunaiweka chumba cha nyuma, pamoja na lundo la pasi mbovu za dobi. Watoto hugombea kutumwa huko. Kifutio peke yake hakanyagi. Ana miaka kumi na miwili hivi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kila anachoandika hukifuta mpaka karatasi itoboke.

Jumatano, 5 Machi

Mkuu wetu ni mkunga mstaafu, na shule yake ina kanuni moja: mtoto haulizwi kwao ni wapi. Mgeni akishangaa, humjibu, "Nimezalisha miaka thelathini, baba. Watoto wanakotoka nakujua." Watu hucheka na swali linafia hapo. Hata daftari la mahudhurio lina majina ya utani tu.

Leo nilifundisha ramani. Nikachora njia ya kwetu — sokoni, darajani, mlangoni kwa mama — ili waelewe alama na vipimo. Nikaiweka kwenye karatasi kubwa kabisa. Kisha nikasema, haya, nanyi choreni njia ya kwenu. Sijauliza, nilijiambia. Nimesema wachore tu.

Wengi walichora stendi. Redio, anayepayuka kuliko redio yenyewe, alichora njia ya kwenda mbinguni, na kituo cha polisi katikati. "Lazima usimame hapo, Babu," alinieleza. "Wanakagua mifuko."

Kifutio alichora saa nzima. Mashine ya kusaga. Tangi la maji lililoinama. Nyumba yenye milango miwili, na mbele yake mbwa wa miguu mitatu.

Hakufuta kitu.

Nikamwomba ruhusa niibandike. Aliutazama ukuta kwanza, kisha mimi. "Iweke juu, Babu. Wasiifikie."

Jumatano, 12 Machi

Alikuja mwandishi wa gazeti na kamera. Mkunga alikuwa halmashauri, anafuatilia kibali. Kijana alitaka picha za watoto. Nikakataa katakata. Akanywea, begani kamera nzito, viatu vimejaa vumbi, nikamhurumia. Na niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna msomaji: nilitaka kazi yangu ionekane.

Nikamwambia, piga hizo ramani. Hazina sura ya mtu.

Jumanne, 18 Machi

Gazeti limetoka. Ukutani pana ramani kumi na tisa na yangu, lakini iliyokaa katikati ya picha ni ya Kifutio. Mbwa anaonekana mpaka mkia.

Nikawaonyesha. Walisukumana, kila mmoja akitafuta yake. Kifutio alisubiri mpaka wamalize.

"Hili linafika wapi, Babu?"

Nikamwambia, kwa majivuno, nchi nzima.

Akarudi kwenye sinki lake akafunga daftari. Nilidhani ni haya.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja mtu. Shati lake limenyooka, mistari ya pasi mikononi kama imechorwa kwa rula. Gazeti lilikuwa mfukoni, limekunjwa mara nne. Mimi baba yake, alisema. Baada ya muda: baba wa kambo. Jina la utani lililoandikwa chini ya ramani halikumsumbua. Aliweka kidole juu ya mbwa. Huyu ni wangu, alisema, trekta lilimkanyaga. Ni nani mwingine ana mbwa kama huyu mbele ya nyumba ya milango miwili?

Mkunga alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hapa hakuna mtoto wako, baba. Kuna wangu kumi na tisa."

"Nitarudi na polisi."

"Waje. Nina la kuwaeleza."

Aliondoka. Tukahesabu. Kumi na wanane. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi, na chini yake pasi zimepangwa ngazi. Kifutio alizishika kwa mikono yake, moja moja.

Ndipo Mkunga akaniambia. Yeye huwaogesha wasichana. Kifutio ana kovu mgongoni, lina umbo la pasi, ncha inatazama juu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungelijua ungefanya nini, Mwalimu? Ungemwonea huruma, naye angeona." Alikaa. "Hatuulizi ili pasiwe na cha kumfikia mtu mwingine. Hiyo tu. Kanuni moja tu nilikupa."

Ijumaa, 21 Machi

Nimetembea tangu asubuhi. Stendi. Chini ya daraja la reli. Nyuma ya tanuri la mikate, ambako ukuta una joto. Watoto wa huko wananijua, wananisalimu vizuri, na hakuna aliyeona kitu. Mkunga amekwenda ustawi wa jamii kuandikisha maelezo. Yule mtu ametafutwa, hajaonekana. Hajanigombeza, Mkunga. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimebandua ramani zote. Yangu ya mwisho.

Jioni nilimsimulia mpwa kuhusu daraja, jinsi nilivyolichora na nguzo zake saba. Akacheka kwa upole. Mjomba, lile lilibomolewa zamani, na soko limehamishiwa upande wa pili. Kwa hiyo niliwafundisha watoto njia isiyokuwapo. Niliwafundisha pia kutamani kwao, kwa sababu mimi natamani. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuijua njia ya kwao kona kwa kona ili asipotee akaiingia tena.

Au labda alitaka kumchora mbwa tu, na mengine yote ni ya kumfikia.

Jumatano, 26 Machi

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliniita nilipokuwa nafungua. "Mwalimu, usigeuze shingo. Nyuma ya kibanda changu kuna binti. Yupo tangu alfajiri. Nimempa ndala ashone kamba, ananisaidia kuliko wanangu."

Sikugeuka. Nilifungua komeo, nikauacha mlango wazi mpaka mwisho. Kwenye sinki lake niliweka daftari, penseli na kifutio. Nusu saa ya kulala iliisha, hesabu ikaisha, na kusoma. Hakuvuka. Nilipochungulia mara moja, alikuwa anautazama ukuta.

Mkunga anasema nisimfuate. Akaongeza, bila kunitazama, kwamba watoto wanajua nasafiri Jumamosi. Nani amewaambia? Redio, nani mwingine.

Ijumaa, 28 Machi

Begi langu limefungwa, liko kitandani. Ni lile lile.

Amesogea. Leo yuko kwenye nguzo ya umeme, upande wake wa barabara. Fundi amenyanyua kichwa mara moja tu, akaendelea kugonga soli.

Kipindi cha kulala kilipoanza, Redio aliamka akatoka. Alivuka, wakaongea, akarudi. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma kama anayetoa shairi.

Anauliza mawili, alisema. La kwanza, ukuta uko mtupu?

Mtupu, nikamwambia. Mlango uko wazi, aangalie mwenyewe.

La pili, kesho unarudi kwenu?

Nikaona darasa halijalala. Macho yamefumbwa yote, lakini hapakuwa na anayekoroma. Mpwa atakuwa anafagia kile chumba. Atanuna, na ana haki. Nitampigia mchana. Sijui nitaanzia wapi kumweleza, pengine kwenye mbwa.

Nikamjibu Redio, naye akasema rudia, Babu, nisije nikakosea. Nikarudia.

Ametoka. Yuko ukingoni mwa barabara, anasubiri lori lipite. Kule ng'ambo Kifutio ameshika nguzo kwa mkono mmoja, anamtazama mdomo.

Sirudi.