Bata Wale Hawakuwa Wamenyonyoka

Kwako mdogo wangu,

Shikamoo yako siisikii tena asubuhi. Shule niliacha mwenyewe darasa la pili, hawakunifukuza, na barua hii naandika kwa mkono wangu. Wewe hutaisoma. Wasome ndugu zetu hapa kijijini Kisawasawa, maana kwa mdomo wamekataa kunisikia.

Unakumbuka nilivyokufundisha bata wa mdomo mwekundu? Bonde zima hili hakuna anayewajua kama mimi. Mwili kahawia wa madoadoa, utosi mweusi, mashavu meupe kama kapakwa unga. Hazami huyo, anainamisha kichwa majini, mkia juu, anachokonoa tope. Kiangazi madimbwi yakikauka wanajazana mtoni, na ndipo wananyonyoka manyoya ya mbawa wasiweze kuruka. Tuliwakimbiza mateteni tukawashika kwa mikono. Wewe ulianguka kila mara. Mimi sikuanguka hata siku moja.

Basi ile Ijumaa ya Kwaresma, mbegu za mpunga ndiyo kwanza zimemwagwa shambani, ukaja na bata uliowaokota pembeni mwa jaruba. Ukasema wamenyonyoka. Shemeji akakupikia, ila akakukumbusha ni Ijumaa, yeye nyama hagusi. Ukamcheka.

"Bata anaishi majini, mama watoto. Huyu ni samaki mwenye manyoya."

Ukala peke yako. Jua halijazama ukafa, povu mdomoni.

Sasa ndugu wanasema shemeji ndiye alikutilia sumu, kama siyo, mbona hakula? Kesho wanakuja kumtoa ndani, yeye na watoto.

Mimi nimefukua jalala lenu. Mbawa zimejaa, manyoya marefu yote yapo, hata lile bamba la rangi ya maziwa, lililo nyuma ya ubawa wao, halina pengo. Bata wa hivyo anaruka mpaka Usangu. Akishindwa kuruka, kala kitu. Kuna mtu alichanganya sumu na mbegu ili aue ndege, na kesho mtu huyo atakuja mlangoni pamoja na wengine.

Nakuonea hasira, bwana mdogo. Ungefungua ubawa mmoja tu, ungekuwa hai. Halafu nalia, mimi niliyemzika baba macho makavu.

Kigoda changu nimekiweka kizingitini kwa shemeji. Anayetaka kumtoa aanze na mimi, na mimi sijawahi kuondolewa mahali na mtu.

Lala, mlango nimeushika.

Ni mimi, kaka yako mkubwa