Baiskeli Iliyo kwa Jina la Esta

Stechford, Birmingham
Jumanne asubuhi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta barazani, mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, ingawa nakujua, utakuwa umeuteremsha nesi alipogeuka tu. Unaendeleaje huo mguu? Na Mama, presha yake imetulia? Ile minazi miwili nyuma ya jiko mmeikata au bado mnabishana? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mkweo Chengo anasoma usiku na mchana, mwaka wa mwisho huu chuoni, na anakuamkia sana.

Nimeandika kwa mkono na kumpa mama mmoja wa kanisani anayekuja Mombasa kesho, kwa sababu simu ya nyumbani mnaiweka spika na Mama husikia kila neno. Tafadhali isome peke yako kwanza, kisha uamue umwambie nini. Baba, naogopa. Tangu Ijumaa naogopa hata karatasi za matangazo zikidondoshwa mlangoni.

Unaijua kazi yangu. Nafua kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Kings Heath, saa ishirini kwa wiki, na zamu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku za kawaida basi hunifikisha. Jumapili basi la kwanza hupita wakati mimi natakiwa niwe nimeshajaza mashine ya kwanza. Nilichelewa Jumapili tatu, nikapewa onyo la maandishi. Kutembea kutoka huku hadi kule ni safari ya mtu aliyefiwa, si ya mtu anayekwenda kufua mashuka.

Basi kukawa na tangazo ubaoni. Mfanyakazi anaweza kupata baiskeli mpya, kampuni ilipe, halafu yeye akatwe kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Mpango huo wenyewe wanauita salary sacrifice. Niliposoma nilicheka peke yangu, nikaona ni dhabihu ya mshahara, labda na kondoo yupo. Lakini nilifurahi, Baba. Wewe ndiye uliyetulea kwa makato ya SACCO ya walimu. Ulikuwa ukisema mtu mzima hujulikana kwa kukatwa, mshahara ukija mzima ni wa mtoto. Nikasema leo na mimi nakatwa kama watu.

Nilikwenda ofisini nimejiandaa kubishana, maana niliambiwa dobini, kule tunakofulia, kwamba sisi wa saa chache hatuhusiki. Binti anayeshughulikia mishahara alinisikiliza mpaka mwisho, mpole kabisa. Akasema hapana, si saa. Mpango ni wa wote, wa saa chache na wa saa nyingi. Shida yangu ni kwamba nalipwa kima cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwa saa. Wakikata hata peni moja, nitakuwa chini ya kima cha sheria, na sheria inawakataza. "Inakulinda wewe," akaniambia. Nilimshukuru, nikatoka. Nilifika kwenye ngazi nikalia. Yaani nimekosa hata cha kukatwa.

Hapo ndipo Esta aliponikuta. Nilishakusimulia habari zake: Mkamba wa Machakos, mrefu, akiingia dobini huinama mlangoni. Yeye ni kiongozi wa wahudumu, yuko saa zote, na yuko hapa kwa kibali alichoombewa na kampuni hii hii. Kazi ikimtoka ana siku sitini za kupata mwajiri mwingine, la sivyo afungashe. Watoto wake wawili wako kwa mama yake na karo ni yeye.

"Ai, Kadzo, unalilia bike?" akasema. "Mimi niko full-time na rate yangu iko juu, na-qualify bila shida. Nitaichukua na jina langu, wewe utanirudishia pole pole."

"Na wakijua?"

"Wajue nini? Kwani nyumbani hatudhaminiani?"

Tuliisoma fomu, siwezi kusema hatukuisoma. Ilisema baiskeli ni ya mwenye jina na aiendeshe yeye kuja kazini. Tuliona ni maneno ya karatasi. Kwetu mtu akikuwekea saini amekutendea wema, na wewe unamjua Mungu wako, unamlipa. Haikutupitia akilini kwamba wema huo huo hapa unaweza kuitwa udanganyifu.

Miezi miwili nimepanda, Baba, na sikuchelewa tena hata mara moja. Nilikuwa nikipita barabara zikiwa tupu, baridi inanitoa machozi, naimba zile nyimbo zako za kwaya bila haya. Nilikuwa na furaha.

Ijumaa meneja alitaka picha za kuweka ubaoni, za wafanyakazi wanaokuja kwa baiskeli. Akaangalia orodha yake, akamwita Esta. Na Esta hajawahi kupanda baiskeli tangu azaliwe. Mimi nilikuwa dobini, dirisha letu linatazama ua zinapoegeshwa baiskeli, nikaona yote. Meneja akamwambia aendeshe hadi getini na kurudi. Esta akasema goti linamsumbua. Meneja akacheka, akasema basi akae tu juu yake, picha ipigwe.

Akakaa. Baba, kiti nilikuwa nimekishusha hadi mwisho kabisa, maana kimo changu ni cha Mama. Magoti ya Esta yalipanda karibu na kidevu. Kama si balaa ingekuwa kichekesho. Meneja aliacha kucheka. Akakitazama kiti, akamtazama Esta, kisha akainua macho kwenye dirisha la dobi nilipokuwa nimesimama na shuka mkononi.

Nikainama nyuma ya toroli la nguo chafu. Sikufikiri, mwili uliinama wenyewe. Nikabaki pale mpaka niliposikia wameondoka.

Jioni Esta alipewa barua. Ameitwa Alhamisi kujieleza, na anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake mmoja. Jina langu halimo. Alinipigia simu Jumamosi.

"Wewe nyamaza kabisa," akaniambia. "Nitasema ni yangu, nilikuazima siku moja moja. Ukijitokeza tutaenda sote, na Chengo bado yuko shule. Rent mtalipa na nini?"

Nikasema sawa. Hivyo ndivyo nilivyojibu, sikufichi. Nilipokata simu niliona nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha kuliko barua yenyewe. Baiskeli iko hapa kwenye ujia wa nyumba yetu, nimeifunika leso nisiione, lakini usukani unatokeza na kila nikipita unanikwaruza.

Sikulala vizuri kwa kumwaza Mwalimu Charo. Unajua nitakachosema. Ulimwekea saini mkopo wake, akahama shule bila kuaga, na makato yake yakaja kwako. Nilikuwa darasa la tano, nilivaa viatu vya kaka mwaka mzima. Siku moja sokoni Kaloleni tulimwona, naye akatuona, akachutama nyuma ya matenga ya nyanya. Ulinishika mkono tukapita kama hatukumwona. Njiani ulisema pesa umeshamsamehe, ila kule kuchutama kunakuuma. Sikukuelewa, nilidhani matenga yalikuwa machafu.

Nimeelewa sasa, nyuma ya toroli la mashuka. Ila Charo aliona aibu, mimi nimeona woga, na woga una hoja nzuri nzuri. Unasema fikiria mumeo. Unasema Esta mwenyewe amekuomba unyamaze. Chengo naye, nilipomuuliza, alifunga kitabu akasema, "Amua wewe, nitabeba mzigo utakaobaki." Halafu akakaa na kitabu kimefungwa, hasomi.

Lakini nilipiga hesabu hii moja: Esta akisema uongo Alhamisi, na meneja ameshakiona kiti, hatafukuzwa kwa baiskeli, atafukuzwa kwa uongo. Nikijitokeza mimi, labda watatuona wajinga wawili. Labda. Sina hakika, na hicho ndicho kinachonila.

Jana baada ya zamu nilimwandikia meneja kwamba baiskeli naiendesha mimi, shida ilikuwa yangu, Esta alinihurumia, na kwamba naomba kuingia naye kama mwenzake. Ofisi ilikuwa imefungwa. Nikaipitisha bahasha chini ya mlango. Ilipoteleza ndani tu nilipiga magoti, nikaanza kuivuta nyuma kwa kucha, Baba, kama mwendawazimu. Haikuvutika. Nikasimama nikapangusa magoti.

Nilimpigia Esta nikamwambia nilichofanya. Nilitarajia matusi, na angekuwa na haki. Badala yake akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Alhamisi ukuje mapema. Usiniache niingie peke yangu."

Barua hii ikikufikia, Alhamisi itakuwa imepita na sisi tutakuwa tumeshajua. Kama ni mabaya, nitakupigia mwenyewe, uitoe simu kwenye spika. Usimlaumu Esta mbele ya Mama. Ukiombea watu, mtaje yeye kwanza, kisha mimi.

Nisalimie Mama, umwambie leso aliyonipa inatumika, usimwambie kwa kazi gani. Msalimie shangazi anayeuza mahamri, na kaka, umwambie namwomba radhi kwa viatu vyake nilivyovimaliza. Wasalimie walimu wenzako wastaafu pale ofisi ya SACCO, na mke wa mchungaji ambaye huniuliza kila mara kama Uingereza kuna mihogo. Ipo, ila imepakwa nta.

Hiyo Alhamisi sitapanda, nitaisukuma baiskeli tangu hapa hadi mlango wa ofisi ile. Kiti sijakipandisha. Wakiuliza ni nani anayeiendesha, nitakaa juu yake mbele yao, na miguu yangu itafika chini.

Ni mimi binti yako, ninayeogopa lakini nimesimama,
Kadzo