Ndugu yake Kupido kwenye posa ya dada

Kudra, posa ya dada Prudensia imevunjika. Hapa hapa Mansfield, huku ughaibuni, sebuleni kwetu, pilau ikiwa bado haijapakuliwa. Nimechoka hata kuandika.

Desturi unaijua: binti anaitwa, anaulizwa kama anawafahamu wageni. Akisema ndiyo, vigelegele. Dada aliingia akiwa ametoka zamu ya hospitali, macho mekundu. Wiki nzima mashangazi walikuwa wakimwambia, "Wewe sema ndiyo tu, mapenzi yatakuja."

Mshenga, mzee Humphrey, akataka kutufurahisha sisi wasomi. "Kijana wetu Elirehema huyu hapa amepigwa mshale na Kupido, yule mungu wa mapenzi wa Wazungu!" Watu wakacheka. "Haya binti, unawafahamu hawa?"

Dada akapiga magoti mkekani. Akaulizwa tena.

"Wazee wangu," akasema taratibu, "mdogo wangu huyu amenisimulia kuwa Kupido alikuwa na ndugu. Akiwa peke yake Kupido alikuwa hakui, akabaki mtoto mchanga, mpaka mama yao alipomzaa Anterosi, mungu wa mapenzi yanayorudishwa. Nimemsubiri huyo Anterosi. Hajaja."

Hajaja, Kudra! Mbele ya wazee!

Shangazi akafoka, "Anterosi ndiye nani? Yuko Houston?"

Hakuna aliyecheka. Elirehema peke yake ndiye aliyeelewa. Aliinuka, akamwambia dada, "Asante kwa kutonidanganya," akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake.

Dada akaketi palepale mkekani, akaomba sahani ya pilau. Sijawahi kumwona akila kwa utulivu namna ile.