Njugu Mawe Ndani ya Uji wa Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana Jumamosi mwenye plau anakuja kulima na mimi sijasema ukweli. Mume wangu ni fundi baiskeli na mkulima wa mahindi, mahindi matupu, njugu mawe hataki hata kuzisikia, kwani utotoni, mwaka wa njaa, walikula hizo tu miezi minne, tena zimechemshwa nusunusu kuni zisiishe, akaapa haziingii nyumbani kwake, nami nikaitikia "sawa baba watoto," halafu nikazipanda nyuma ya banda nikimwambia ni za dada yangu nimemwazima shamba, nikavuna, nikakaanga, nikasaga, na tangu hapo namtilia kwenye uji. Mshauri, anaupenda! Anakomba bakuli, anawasifia wateja wake mapishi yangu, na kitinda mimba wetu aliyekuwa amenyong'onyea sasa anakimbiza kuku. Msimu huu nilipanda mahindi pale zilipotoka njugu, yamestawi kuliko yake yote, naye anasema udongo wa pale una bahati, basi Jumamosi njugu za upande wa pili zing'olewe apande mahindi, dada akalime kwao. Mbegu sina nyingine. Nikisema atajiona nimemfanya mjinga, nikinyamaza zinapotea. Nifanyeje?

Mpika Uji

Mpika Uji, nimecheka, kisha nikakasirika. Mtu mzima hafichwi anachotia mdomoni, hata kiwe kizuri vipi. Na dada yako umemsingizia bure. Pole kwa hofu, lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Kesho mpeleke shambani. Ng'oa mche mmoja tu wa njugu, mwonyeshe vivimbe vya mizizini. Humo ndimo mmea unamotengenezea mbolea kutoka hewani, na hiyo ndiyo bahati anayoisifia. Mwambie mahindi na njugu vipokezane shamba kila msimu.

Kisha pika njugu nzima, azione. Ziloweke tangu jana yake, zichemke polepole mpaka zilainike, chumvi mwishoni. Akishaonja, sema: "Baba watoto, nilikudanganya, njugu ni zangu na ndizo zilizomo kwenye uji wako, nisamehe. Uliyoichukia ni njaa, siyo njugu."

Atanuna. Mwache anune, ana haki. Wewe pika uji wa mahindi matupu kila asubuhi, wala usimbembeleze, mpaka yeye mwenyewe aulize ule mwingine umekwenda wapi.