Baba, Kumbe Hukuwa Umenuna

Baba yangu,

Shikamoo. Miaka minne imepita tangu tukuzike kijijini Didia, na bado salamu inanitoka kabla sijajua nitasema nini baada yake. Leo nakuandikia kwa sababu naogopa.

Unakumbuka siku wakwe walipoleta ng'ombe wa mahari yangu? Ulikaa uso umekaza, hukucheka hata mjomba alipoigiza dume linalogoma kuuzwa, kichekesho kilichokutoa machozi miaka yote. Wewe uliyeitikia salamu ya asubuhi, "mwangaluka", hadi nyumba ya tatu wasikie, siku ile sauti yako haikuvuka mkeka. Wakwe wakaanza kutazamana. Nikakufuata nyuma ya nyumba nimefura kwa hasira.

"Baba, kama humtaki si useme?"

"Namtaka, mwanangu. Mbona namtaka sana," ukasema, na uso ule ule.

Sikukuamini. Nilikaa mjini, mtaa wa Kambarage, karibu miaka miwili bila kuja kukuona, nikisema baba kaingiwa na kiburi tangu arudi kutoka machimboni Geita. Bega likakuuma, ukachuliwa. Ukaanza kutembea polepole, wakasema uzee. Wachimbaji wenzako wakasema ni zebaki uliyochomea dhahabu. Ukapimwa malaria, taifodi, sukari, hakikuonekana kitu. Na mimi, tabibu uliyenisomesha kwa jasho lako, nilikuwa nakununia mjini.

Mwaka mmoja baada ya msiba, daktari bingwa alikuja hospitalini kwetu kutufundisha. Alimkalisha mzee mmoja mbele yetu, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi, akivipanua sana. Vidole vikaanza vizuri, kisha vikapungua mwendo, vikapungua upana, vikakwama. Akatuita tukunje kiwiko cha mzee: kilikuwa kigumu, kinaachia kidogo kidogo. Akamtembeza ukumbini, mkono mmoja haukupunga.

"Huu ni ugonjwa wa Parkinson," akasema. "Msisubiri damu iwaambie. Msisubiri mtetemeko pia, wengine hawatetemeki. Mtazameni mtu. Hata uso hukakamaa, ndugu wakadhani amenuna."

Nilijifungia chooni nikalia mpaka somo likaisha. Nisamehe, baba.

Sasa sikia kilichonipata. Mwezi uliopita tulikuwa mezani, mume wangu akasimulia vituko vya kazini kwake, kisha akakatisha. "Mama Neema, mbona siku hizi umenuna?" Nilikuwa nacheka, baba. Ndani yangu nilikuwa nacheka kabisa.

Kesho yake nilifunga mlango wa chumba changu cha kazi nikagonganisha vidole. Mkono wa kulia, sawa. Wa kushoto ukaanza vizuri, kisha ukafanya vile vile kama wa yule mzee. Nikasema ni uchovu. Nimerudia kila siku, na kila siku natafuta sababu nyingine. Wagonjwa huwa nawaambia dawa zipo, zinasaidia, watu wanaishi na ugonjwa huu miaka mingi. Ni kweli, lakini nikijiambia mwenyewe siamini. Alhamisi nitakwenda kwa daktari yule yule, nikakae kwenye kiti cha mgonjwa.

Jana mjukuu wako Neema, ambaye ana miaka minane, alikuja na daftari lake la shule akasimama mbali nami.

"Mama, nimekukosea nini?"

Nikamwita. Nikamwambia huenda uso wa mama unaumwa, lakini mama hana hasira na mtu.

"Sasa nitajuaje ukifurahi?"

"Nitakuwa nakuambia. Kama sasa hivi, nimefurahi umeniuliza."

Akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akanitazama kwa muda mrefu, akiitafuta furaha hiyo usoni.

Pumzika, baba.

Binti yako,
Kabula