Pete ya Beringi

Shosti, niko hospitali. Mume wangu kanasa.

Si nilimwambia anunue pete ya mpira ya kuongeza nguvu chumbani, ikileta shida tunaikata kwa mkasi? Yeye, kwa vile ni fundi magari, akajifanya mjuzi. Kachukua pete ya beringi, chuma kigumu cha gurudumu la gari, gereji kwao, kaivaa kwenye uume, kalala nayo.

Kaamka umevimba, mweusi. Sabuni, mafuta, wapi!

Daktari kajaribu kuikata, msumeno wake umeisha meno. "Chuma gani hiki? Mwite mwenye gereji aje na grainda."

Grainda ya kukatia vyuma, shosti! Pale!

Na mwenye gereji ni baba mkwe.

Ameingia sasa hivi, hata salamu hakuna. Kamshika mwanawe mkono, kamuuliza, "Inauma sana?"

"Mwanzo iliuma, baba. Sasa sisikii kitu."

Shosti, daktari kakimbilia simu, kaita chumba cha upasuaji.