Nimemuoa Mimi, Nesi Ananinyima Majibu Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada nyumba yangu isije ikavunjika huku naiangalia. Mimi ni mama wa Tarime, sikujaliwa mtoto wa kiume, basi kwa desturi yetu Wakurya nikatoa ng'ombe nikaoa mke, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke tunayoiita nyumba ntobhu, azae watoto wa mji wangu, na kweli ameshazaa mmoja, ni mchapakazi, ananiheshimu, ila siku hizi haishi kwenda zahanati na hasemi kwa nini, nikamfuata nesi nikamwambia mimi ndiye mume, nipe majibu, yule binti akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, akasema, "Mama, mpaka mwenyewe akubali. Hata angekuwa na mume mwanaume, nisingemwambia." Nikamfokea mbele ya foleni nzima, mke wangu akasikia, sasa amefunga nguo zake anataka kurudi kwao Serengeti, na kinachoniuma ni kwamba nesi huyohuyo alinitibu mwaka jana nilipokuwa natokwa na mkojo, hata mke wangu hajui. Je, mwenye mji sina haki?

Mama wa Tarime

Shikamoo mama. Jina la mkeo, la nesi na la kijiji chenu nimeyafuta. Hata kwangu hukuwa na ruhusa ya kuyaleta.

Pole, naona unampenda na una hofu. Lakini hapana, huna haki hiyo. Ng'ombe walimleta kwenye mji wako, hawakukupa majibu ya vipimo vyake. Hata akihamishiwa hospitali ya wilaya, atakayeambiwa ni daktari wa huko, ili amtibu. Wewe utaambiwa akikubali yeye, kwa hiari, si kwa kufokewa.

Na huyo nesi, mama, nampigia saluti! Umemfokea hadharani, naye angeweza kukuumbua kwa neno moja tu kuhusu huo mkojo. Akanyamaza. Mwenzako anatunza siri yako, wewe unamdai ya mwingine! Angeitoa, ungerudi kwake kutibiwa?

Kesho nenda kamwombe radhi, mbele ya foleni vilevile. Leo anza na mkeo. Mwambie umekosa, na kwamba akisema au asiposema, mji ni wake. Siku ya kliniki msindikize, ukae nje. Akikuita ndani, ingia. Asipokuita, mpakate mtoto, umsubiri.